Mwalimu Tulinagwe Kibona, Aliyemfundisha Irene Kuvuka Barabara

Mwalimu Tulinagwe Yesaya Kibona, ambaye Tunduma nzima ilimwita Madam Tuli, alizaliwa tarehe 3 Machi 1967 hapa Ibaba, wilaya ya Ileje, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Yesaya Kibona na Bibi Gwantwa. Kusema alizaliwa Ibaba ni kurahisisha tu, maana hakuzaliwa nyumbani wala zahanati. Alizaliwa njiani, katikati, mama yake akitembea kumfuata mkunga na mvua inapiga. Bibi Gwantwa yupo hapa leo, ana miaka tisini na moja, na bado anasema mtoto huyu alishindwa kusubiri wafike. Na kweli, tangu siku hiyo hakuna aliyemwona ametulia. Chai alikunywa amesimama. Akipokea simu, anaizunguka nyumba mara tatu ndipo anaaga. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, apate sababu ya kutoka kuangalia watoto wa shule ya Jumapili, hata siku ambazo watoto hao walikuwa na mwalimu wao na hawakumhitaji kabisa.

Alisoma Shule ya Msingi Ibaba mwaka 1975 hadi 1981. Ripoti yake ya darasa la tano bado ipo kwenye sanduku, na mwalimu wa darasa ameandika mstari mmoja tu: "Ana akili, ila aketi." Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, akaenda Chuo cha Ualimu Tukuyu mwaka 1986, akahitimu 1988. Wenzake wa bweni walisema alikuwa anasoma huku anafagia, na kwa hiyo hawakuwahi kupangiwa zamu ya kufagia. Walimpenda sana.

Kazi alianzia Ikinga mwaka huohuo wa 1988, darasa la kwanza, watoto sitini na kitu. Humo alimkuta Anyosisye, kijana aliyekuwa amerudia darasa hilo mara tatu. Walimu wenzake wakamwambia, "Huyo muache, Mwalimu, huyo ni wa kuchunga." Madam akajiuliza, haya, kuchunga kwenyewe anaweza? Jumamosi akamfuata malishoni. Kumbe Anyosisye ana ng'ombe kumi na wanne, anajua nani kanywa maji na nani bado, na anajua njia ya kurudia mto ukijaa na njia ya kurudia mto usipojaa. Jumatatu Madam akaingia darasani na mawe kumi na manne, kila jiwe na jina la ng'ombe. Kujumlisha kukaanzia hapo. Kuanzia Ikinga alikuwa na msemo wake, na waliofanya naye kazi wanaujua: "Kila mtoto ana mlango. Wewe umegonga ukutani, halafu unasema nyumba haina watu."

Ndoa alifunga tarehe 16 Desemba 1995, kanisani hapa Ibaba, na Ndugu Jairo Simbeye, Mnyamwanga wa Momba, fundi wa breki za malori. Walivyokutana ni hivi. Basi alilopanda Madam liliharibika pale Mpemba, karibu na Tunduma, na Mzee Jairo alikuwa uvunguni mwa lori jirani anafanya kazi yake. Alichokiona kutoka kule chini ni viatu viwili vya kike vinakwenda na kurudi, vinakwenda na kurudi.

"Dada," akasema, "hivyo viatu vitaisha kabla basi halijapona."

"Wewe kaza nati," akajibiwa. "Viatu ni vyangu."

Mzee anasema alitoka uvunguni ili aone ni nani, na hajawahi kurudi. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza Kefa. Januari 1996 Madam akahamia Tunduma, Shule ya Msingi Isangamo, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho. Mwaka 2007 hadi 2009 alikwenda Patandi, Arusha, kusomea elimu maalumu, akarudi na stashahada na haraka mpya. Mwaka 2010 shule ikampa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, akakipaka rangi mwenyewe, akafungua kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu akiwa na wanafunzi saba. Kuna aliyekuwa na usonji, kuna wenye ulemavu wa akili, kuna mmoja ambaye hakuwa na chochote zaidi ya kwamba nyumbani walikuwa wanaongea Kibemba tu na watu wakadhani hajui kuongea. Huyo Madam alimrudisha darasa la kawaida ndani ya wiki tatu, na akaomba radhi kwa niaba ya shule nzima.

Kitengo cha Madam hakikukaa ndani. Asubuhi alifundisha kuhesabu, mchana yuko sokoni na watoto wananunua nyanya, keshokutwa wako kwa fundi cherehani wanajifunza kushona kifungo. Alisema mtoto anayejua herufi zote lakini hawezi kutoka nyumbani kwao bila kushikwa mkono, huyo bado hajafundishwa. Na ndiyo maana habari ya Irene ilimkamata kuliko zote, na itabidi isimuliwe hapa kwa kirefu. Ukimweleza Madam Tuli bila barabara ya Irene, umeeleza mtu mwingine.

Irene aliingia kitengo Januari 2022, ana miaka tisa, ana usonji. Maneno yake machache, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Anataka kila jambo liende kama jana. Mama yake, Elizabeti, anauza chikanda karibu na mpaka, ile mizizi inayopondwa na karanga na pilipili, ikapikwa, ikakatwa vipande kama mkate. Nyumba yao iko upande mmoja wa barabara kuu, shule iko upande wa pili, na katikati ndiyo kuna foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kila asubuhi Elizabeti alimvusha Irene, akakimbia sokoni, akachelewa. Kila jioni akaacha biashara kumfuata.

Madam akasema atamfundisha Irene kuvuka mwenyewe. Akaivunja safari vipande vidogo, akachora kila kipande kwenye kadi ya boksi. Moja, simama kwenye jiwe jeupe. Mbili, tafuta lori lililosimama. Tatu, gusa bampa. Nne, mtazame dereva. Tano, dereva akipunga mkono, pita. Ilikuwa na akili yake, kwa sababu dereva yuko juu, anaona upande wa pili kama kuna gari linakuja. Miezi mitano walifanya hivyo kila siku. Madereva wakamzoea. Wa Zambia wakawa wanamsalimia "muli shani," naye Irene, ambaye shikamoo ilimchukua mwaka, akawa anajibu "bwino." Mwishoni mwa Septemba 2024 akaanza kuvuka peke yake, na wiki mbili zikapita vizuri kabisa. Madam alikuwa anatembea kama anacheza.

Halafu ikaja Jumatano tarehe 16 Oktoba. Asubuhi hiyo malori yote yalizuiwa kule Mpemba, kwa sababu ambayo mpaka leo kila mtu ana yake. Barabara ikawa nyeupe. Sasa, Tunduma bila malori ni kama Ibaba bila ukungu, hakuna mtu anayepanga maisha yake kwa ajili ya siku hiyo. Irene akafika kwenye jiwe jeupe saa moja, akasimama. Akatafuta lori lililosimama. Hakuna. Akaendelea kutafuta. Bodaboda wa kijiwe cha pale wakadhani anamsubiri mtu. Madam akadhani anaumwa yuko nyumbani. Mama yake akadhani yuko shule. Saa sita mchana Elizabeti anapita na beseni lake kichwani, anamkuta mwanaye kasimama juani, midomo imekauka, sketi imelowa, mbele yake barabara tupu ambayo hata kuku alikuwa anavuka.

"Irene, unafanya nini hapa?"

"Lori," akasema Irene.

Elizabeti alifika kitengo beseni bado liko kichwani. Hakupiga kelele, na Madam alikuwa anasema bora angepiga.

"Madam, mwanangu umemfundisha kusubiri lori."

"Ndiyo, Mama Irene."

"Masaa matano kasimama. Watu wanapita, wanamcheka, wanasema zuzu huyu anaogopa barabara tupu."

"Hakuogopa. Alifuata kila nilichomwambia, hakuruka hata kimoja. Yeye kapata mia. Aliyefeli ni mimi. Nimemfundisha lori, sikumfundisha barabara."

"Haya, mimi sina elimu hiyo," akasema Elizabeti. "Najua kitu kimoja. Irene harudi hapa."

Na hakurudi. Akawa anafungiwa ndani asubuhi, mama akitoka. Na hapa ndugu waombolezaji wajue jambo ambalo Madam alilificha shuleni: tangu mwaka 2023 madaktari walikuwa wamemwambia moyo wake umetanuka. Walimpa dawa, wakamkataza chumvi, wakamwambia apumzike. Dawa alikunywa. Mengine aliyachukulia kama maoni. Lakini hesabu ya muda aliielewa vizuri, na usiku Mzee Jairo alikuwa anamsikia anatembea sebuleni.

"Mama Kefa, lala."

"Nimemfungia mtoto ndani, Baba Kefa. Kwa mkono wangu. Alikuwa anatoka, sasa hatoki."

Basi akaanza kwenda kwa Elizabeti. Siku ya kwanza Elizabeti hakumwangalia. Madam akanunua chikanda, akaondoka. Siku ya pili akanunua tena. Yeye haruhusiwi chumvi, kwa hiyo ile chikanda yote ililiwa na wajukuu, ambao kufikia wiki ya pili walikuwa wakisikia mlango unafunguliwa wanajificha. Siku ya tisa Elizabeti akashika kisu, hakukata.

"Madam, wewe chikanda huli. Unataka nini?"

"Irene."

"Umvushe tena?"

"Hapana."

"Hebu niambie ukweli. Watu wanasema unaumwa, na macho yako nayaona. Siku ukifa, nani atamvusha mwanangu?"

"Hakuna," akasema Madam. "Ndiyo maana sitaki kumvusha. Mimi nikimvusha, na wewe ukimvusha, sote tutakufa, yeye atabaki kwenye lile jiwe."

Elizabeti akakata kipande, akakifunga kwenye gazeti. Akasema atamleta Jumatatu, na kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awepo aone. Madam akarudi nyumbani mikono mitupu, kile kipande amekila njiani chote, na chumvi yake. Alikiri mwenyewe.

Zile kadi za boksi akazichoma. Mafunzo mapya yakaanza Novemba 2024, na safari hii hakuna hatua iliyohitaji lori. Simama. Sikiliza. Kulia, kushoto, kulia tena. Kitu kinakuja, ngoja. Hakiji, pita. Kwa mtu mwingine hiyo ni rahisi zaidi, kwa Irene ilikuwa ngumu mara kumi, kwa sababu hakuna cha kugusa. Wakavuka malori yakiwepo, wakavuka yasipokuwepo, wakavuka mvuani, wakavuka siku ya mwenge, wakavuka asubuhi ya ukungu ambapo Madam alisema leo jibu ni kurudi nyumbani, na Irene akafundishwa kwamba kurudi nyumbani nako ni kuvuka vizuri. Mara nyingi Irene alikaa chini akaziba masikio, na siku hizo walikaa wote chini. Hizo tu ndizo siku Madam alikaa.

Msaada aliupunguza kidogo kidogo, ndivyo walivyofundishwa Patandi. Mwezi wa kwanza anashika mkono. Mwezi wa pili anashika mkoba. Halafu nyuma hatua mbili, halafu hatua kumi, halafu upande wa pili wa barabara. Shida ikawa bodaboda wa kijiwe. Kila Irene akisita, wao wanaruka kumsaidia. Madam akaenda kwa Sebastian, mwenyekiti wao.

"Mwanangu, nyie mnaniharibia kazi. Mkimwona amesimama, mwacheni asimame."

"Bibi, watu watasema tuna roho mbaya."

"Semeni mmetumwa na mimi."

"Akisimama masaa matano tena?"

"Dakika ishirini, unanipigia simu. Gari likitaka kumgonga, ruka. Hayo mawili tu."

"Hiyo kazi ya kutosaidia," akasema Sebastian, "sijawahi kuiona ina mafunzo."

"Ndiyo ngumu kuliko zote. Mimi mwenyewe bado najifunza."

Ilipofika Mei 2025 miguu ya Madam ilikuwa imevimba, pumzi haitoshi, likizo ya ugonjwa imeandikwa, na bado kila asubuhi saa moja kasoro alikuwa kwenye karakana ya Mzee Jairo, inayotazamana na lile jiwe jeupe, nyuma ya rundo la matairi, anachungulia. Kujificha ni kwa sababu Irene akimwona tu, anamtazama yeye badala ya barabara. Mafundi walikuwa wanamletea kopo akalie. Wanamletea, analisukuma kando. Mzee akimwambia hali yako hiyo, anajibu, "Leo kasita sekunde nane. Jana zilikuwa kumi na mbili. Wewe endelea na breki zako."

Jumatatu tarehe 11 Agosti alianguka pale pale kwenye matairi, akapelekwa hospitali ya Vwawa, akalazwa. Huko kitandani kilichomsumbua hakikuwa moyo. Manesi walilalamika kwamba mgonjwa huyu anashusha miguu kila dakika tano. Kila asubuhi saa moja na nusu Mzee Jairo alipiga simu kwa Sebastian, naye Madam akingoja neno moja tu. Jumanne: amevuka. Jumatano: amevuka.

Alhamisi tarehe 14 Sebastian akapiga mwenyewe, mapema.

"Mzee, kuna tatizo. Lori limekatika ekseli pale pale kwenye jiwe la Irene. Limelala kwa upande, oili imemwagika, wameweka matawi. Hakuna pa kusimama. Na yeye huyu hapa kafika."

Mzee akaweka sauti juu, Madam akasikia yote.

"Anafanya nini?" akauliza.

"Amesimama, bibi. Anaangalia jiwe. Anajipiga mapaja. Nimfuate?"

Madam alikuwa na sababu zote duniani za kusema mfuate. Mzee Jairo anasema alimshika mkono, naye akauliza kwanza.

"Dakika ngapi?"

"Saba."

"Bado," akasema Madam.

Kumi. Kumi na mbili. Kule kwenye simu zinasikika honi, na Sebastian anawatuliza wenzake, anawaambia kaeni, kaeni, bibi kakataza. Kumi na nne. Halafu Sebastian akapaza sauti.

"Mzee, anaondoka. Anatembea. Siyo nyumbani, anakwenda upande wa wauza nyanya. Kasimama kule. Ngoja. Kaangalia. Kaangalia tena. Kuna Fuso linakuja. Kaliacha. Mzee, kavuka. Kavukia kwa wauza nyanya, mwenyewe, hakuna aliyemgusa, anaingia geti la shule sasa hivi."

Madam Tuli akamgeukia mumewe, na maneno haya Mzee ameomba yaandikwe kama yalivyo.

"Baba Kefa, pale sikumfundisha."

Akavuta miguu yake kitandani, akajilaza. Alifariki saa tisa alasiri siku hiyohiyo, mumewe akiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka hamsini na nane.

Mwalimu Tulinagwe ameacha mama, Bibi Gwantwa; mume, Ndugu Jairo Simbeye; watoto watatu, Kefa, Gwalugano na Ikupa; wajukuu wanne; kaka na dada watano; na wanafunzi ishirini na watatu wa kitengo cha Isangamo. Elizabeti na Irene wamesafiri nasi toka Tunduma. Irene hapendi kelele za watu wengi, kwa hiyo amekaa kule juu kilimani, kwenye majani, na tunaomba aachwe hapo. Akitaka kushuka, njia atachagua mwenyewe.

Mungu aliyetupa mwalimu huyu ndiye amemchukua. Tunaomba ampokee, na ampe pumziko jema la milele. Amina.